Mikono Mfukoni

Idwal wa shamba la Hafod-las hakuwa mtu wa kuchokozwa. Alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni, na sababu haikuwa siri: babake alimlea kwa fimbo ileile aliyochungia kondoo, na fimbo hiyo haikuchagua kichwa wala mgongo. Alipofikia umri wa kuoa alikuwa amekwisha kumvunja taya Gethin, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, katika mnada wa kondoo dume, kwa sababu Gethin alicheka. Alicheka nini? Hata Idwal mwenyewe hakukumbuka. Alimpiga tu, wakaangukia ndani ya zizi la watu, wakagaragazana kwenye mavi mpaka wenye mnada walipowamwagia ndoo za maji kama mbwa.

Pikipiki yake aliitengeneza kwa hasira ileile. Hapa Wales, milimani kwetu, kila mwenye kondoo ana pikipiki ya magurudumu manne, lakini ya Idwal ungeitambua hata kwenye ukungu, kwa mlio. Nati ikigoma, aliitukana akaigonga nyundo. Ikigoma tena, alimtukana aliyeiunda na mama yake, akaikata kwa moto. Lakini mashine ilimtii, bwana! Alichonga vipande vya chuma akavipachika kati ya vitovu na rimu, magurudumu yakasogea nje kiganja kizima, ikasimama imara kwenye miteremko ambako za wenzake zilibiringika. Nyuma alichomelea sanduku la kumbebea mbwa. Swichi ya ufunguo ilipokufa kwa mvua aliing'oa, akatia kitufe cha kengele ya mlango. Ukikibonyeza, injini inawaka. Kitufe cha kuzimia nacho alikitupa. Ukitaka kuizima, sharti uingize mkono chini ya kiti uchomoe waya fulani, na waya huo aliujua yeye na mkewe tu.

Kisha kulikuwa na kamba. Kila mkulima wa bonde lile anayo, na fundi yeyote wa mjini akiiona hushika kichwa. Pikipiki hizi huongezwa mafuta kwa kidole gumba: unasukuma kijiti kidogo kwenye mshikio, ukikiachia injini inatulia na magurudumu yanasimama. Sasa mtu aliye peke yake mlimani, kondoo wanamzonga kwa njaa, atamwagaje chakula na kidole kiko kazini? Basi unatia kitanzi cha ile kamba ya plastiki ya buluu ya kufungia majani makavu, unakibana kijiti, pikipiki inatembea yenyewe polepole, nawe umesimama nyuma unamimina gunia. Kitanzi cha Idwal kilining'inia pale mwaka mzima. Kilikuwa kimezoea mno, hata ukisukuma kijiti mpaka mwisho kiliteleza chenyewe kikakikamata.

"Kamba hiyo itaua mtu," mkewe Mererid alikuwa akisema.

"Itamwua nani? Anayeipanda ni mimi peke yangu."

"Kwani wewe si mtu?"

Mererid alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, anayemgeuza kondoo chali bila hata kuacha kuongea. Yeye Idwal hakumgusa hata siku moja, na hilo liliwashangaza watu. Aliwagusa wengine wote. Alimpiga muuza malisho, akampiga daktari wa mifugo, na mwishowe akampiga Hefin, mdogo wake wa tumbo moja.

Ilikuwa siku ya kuukusanya mlima, siku ambayo mashamba yote hutoa watu wakapanga mstari kutoka bonde hadi kilele na kuwateremsha kondoo wote kwa pamoja. Kila mtu ana nafasi yake kwenye mstari na haiachi, hata haja ikimbana. Hefin aliiacha kwenda kuwasha sigara penye kinga ya upepo. Kondoo wakaliona pengo, wakapenya wote kama maji, na kazi ya bonde zima ikawa bure. Idwal alishuka kwenye pikipiki. Alimpiga ndugu yake kwa ngumi, kisha kwa buti, na walipofaulu kumtoa juu yake, jicho moja la Hefin lilikuwa limekwisha kazi. Mpaka leo halioni.

Mererid alifungasha akaenda kwa dada yake, mjini Bala. Majira yote ya baridi Idwal alikaa peke yake, akila viazi vya kuchemsha na kuongea na mbwa. Hakuwahi kuogopa mtu, lakini nyumba ile isiyo na sauti aliiogopa. Alikwenda Bala mara kadhaa kupiga magoti, akafungiwa mlango. Kondoo walipokaribia kuzaa, Mererid akarudi, akasimama jikoni na koti lake mwilini.

"Sharti ni moja," alisema. "Mkono wako ukimgusa mtu tena kwa hasira, naondoka na sirudi. Usiniletee sababu. Sitaki kusikia nani alianza."

"Hata kofi?"

"Hata kofi, Idwal. Hata la utani."

Basi Idwal akajifunza kutia mikono mfukoni. Damu ikimchemka, mikono chap, mfukoni, mpaka kwenye vifundo. Bonde zima lilijua, na unajua watu walivyo. Mnadani Gethin alikuwa akipaza sauti, "Jamani, leo katia mikono mfukoni! Ngojeni nimwambie mamake alikuwa mbuzi!" Na watu kucheka. Idwal alikwenda zake nyumbani, akaingia bandani, akatwaa nyundo kubwa akalipiga bawa la zamani la pikipiki, lile bati la kukinga tope, mpaka likawa bapa kama chapati. Kisha akaingia kunywa chai. Mererid alisikia makelele yote yale, akamkatia kipande kikubwa cha keki.

Miaka ilipita hivyo. Ahadi ilimkaa, na alijivunia kimyakimya.

Asubuhi moja ya Februari Idwal alikuwa akikaza ua karibu na lango la chini, kando ya barabara. Pikipiki aliiacha inaunguruma, maana kwa baridi ile ikizimika kuiwasha ni vita. Mot, mbwa wake, alikuwa ameketi sandukuni. Yule mbwa aliujua mlima kuliko watu. Alisikia mluzi wa Idwal ng'ambo ya bonde na kutii kabla haujaisha. Likaja gari jeupe la mizigo lenye watu wawili, likasimama. Akashuka mwanamume mwembamba mwenye sweta jekundu, anatabasamu.

"Mzee, samahani. Njia ya ziwani ni hii?"

"Ya ziwani? Mmeipita zamani. Rudini mpaka kwenye daraja..."

Idwal aligeuka kuonyesha kwa mkono. Alipogeuka tena, yule mtu alikuwa tayari juu ya pikipiki. Mot hakungoja kuambiwa. Aliruka akaung'ata mkono wa sweta jekundu, akaning'inia. Mwizi akachomoa kipande cha nondo kutoka kiunoni, akampiga nacho kichwani. Mbwa hakuachia. Akampiga tena, mfupa ukalia, Mot akaanguka mbele ya gurudumu. Pikipiki ikapita juu yake.

"We mshenzi!" Idwal alinguruma.

Alikuwa amekwisha kusimama katikati ya lango, nyundo ya kupigilia nguzo mabegani. Mwizi aliiona ile nyundo, akaona na uso wa aliyeishika, akakata kona kuelekea mlimani, kidole kimesukuma kijiti mpaka mwisho. Mwenziwe kwenye gari naye hakusubiri. Alikanyaga mafuta akatokomea.

Idwal alipiga magoti kwenye tope. Mot alimlamba kidole mara moja, ulimi ukabaki nje. Idwal alimfumba macho kwa kiganja, akainuka, akaiokota nyundo na kuanza kupanda. Hakukimbia. Alijua mlima ule, na alijua mtu asiyeujua hafiki mbali. Na alijua atakalofanya: atampiga kichwani kama alivyompiga Mot, mara mbili, halafu yatakayokuja yaje. Mererid hakuwamo kichwani mwake. Alikuwamo mbwa tu.

Ndipo mlio wa pikipiki ukabadilika. Ulikuwa ukienda mbali, sasa ukasimama mahali pamoja na kupiga kelele.

Aliikuta kwenye mtaro wa matope meusi, imelala ubavu, mtu chini yake. Kitanzi kilikuwa kimekamata kijiti. Mwizi alipotaka kupunguza mwendo hakuweza, mtaro ukaja, basi. Sasa gurudumu la nyuma lilikuwa linazunguka kwa nguvu zote za injini juu ya paja lake, na lile tairi la Idwal lilikuwa na meno ya kupandia miamba. Suruali ilikuwa imekwisha kuliwa. Ngozi ilikuwa imekwisha kuliwa. Kila mzunguko ulirusha damu na tope, na damu ilikuwa imelifunika bawa lote.

"Izime!" yule mtu alilia. "Mzee, nakuomba, izime!"

Idwal aliinua nyundo. Iliinuka yenyewe, nyepesi kabisa. Ndipo akamkumbuka Mererid na koti lake jikoni. Akaishusha. Akaitupa majanini. Akatia mikono mfukoni.

"Umeniulia mbwa wangu," alisema.

"Pole! Nasema pole! Mguu wangu, bwana, mguu!"

"Alikuwa anaitwa Mot."

"Izime! Jamani, izime!"

Katika mfuko wa kulia vidole vya Idwal vilikutana na kisu chake, kile cha kukatia kamba. Alikishika. Kilikuwa na joto la paja lake. Kukata kitanzi kungekuwa kazi ya kupepesa jicho, alijua hivyo, maana alikikata kila mara kikichakaa. Alisimama. Upepo ulipuliza, mwizi akapiga kelele, kisha kelele zikawa nyembamba kama za mwanakondoo, na tairi likaendelea kula. Tusidanganyane: Idwal alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni. Alikuwa anampiga mtu kuliko alivyowahi kumpiga mtu yeyote, na mikono yake ilikuwa mfukoni, safi.

Hakumsikia Mererid akija. Alimwona tu anampita mbio, aproni imejaa unga, pumzi zinamkatika. Alijitupa kwenye mtaro, akaingiza mkono chini ya kiti kutafuta waya, lakini kiti kilikuwa kimekandamizwa kwenye tope na mkono haukupenya.

"Kisu!" alipiga kelele. "Nipe kisu, Idwal!"

Idwal akatoa mkono mfukoni. Kisu kilikuwa tayari kiganjani.

Mererid alikitazama. Alikitazama kile kisu kisha akamtazama mumewe usoni, na mtu anakufa miguuni pake. Halafu akakipokonya, akakata kitanzi. Injini ikatulia, gurudumu likasimama. Alivua aproni akaufunga mguu kwa juu, akakaza kwa kipande cha ile kamba ya buluu, akamwambia yule mtu maneno ya upole ambayo Idwal hakuyasikia vizuri.

Helikopta ilikuja ikamchukua. Mtu yule hakufa, ila mguu waliukata. Polisi walikuja wakapima na kuuliza.

"Ulimpiga?"

"Sikumgusa," Idwal alisema.

"Na nyundo je?"

"Iko pale kwenye majani. Itazameni."

Waliitazama, haikuwa na doa. Jirani nao walikuja, hata Hefin na jicho lake moja. Walimzika Mot chini ya ukuta wa mawe, na Gethin, ndiyo, Gethin huyuhuyu wa taya, akampa Idwal mkono mbele ya watu wote.

"Mimi nisingeweza," alisema. "Wallahi ningempasua. Kumbe umekuwa mwanamume mwingine, bwana. Hongera mama Mererid, umemfuga simba!"

Mererid alikuwa akikusanya vikombe. Alivipeleka jikoni.

Walipoondoka wote Idwal alimkuta chumbani, begi liko wazi kitandani.

"Unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Mererid, mimi sikumgusa! Waulize polisi! Kaniulia mbwa mbele ya macho yangu, na sikumgusa hata kwa kidole. Ulisema mkono. Mkono wangu ulikuwa wapi?"

"Mfukoni," alisema. "Umeshika kisu." Alikunja gauni, likamkatalia, akalisokomeza tu. "Nilisikia ile pikipiki nikiwa jikoni. Nikaacha unga, nikatafuta viatu, nikapanda mlima mzima na magoti yangu haya mabovu. Na wakati wote huo wewe ulikuwa umesimama pale."

Idwal alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nimeishi na mpiga watu miaka yote hii," Mererid alisema, "na sikuwahi kukuogopa. Nilijua ukimaliza kupiga utajuta, utakuja ulie mapajani mwangu. Leo nilikuangalia usoni, Idwal. Ulikuwa umetulia. Ulikuwa kama mtu anayeota moto. Huyo simjui, na silali naye."

Alibeba begi mwenyewe akatoka uani. Gari lake lilikuwa kuukuu, betri mbovu, na Idwal alikuwa ameahidi kulishughulikia tangu Krismasi. Mererid aligeuza ufunguo, likakohoa. Akageuza tena, kikasikika kilio kidogo, kisha kimya. Alikaa nyuma ya usukani anatazama mbele, machozi yanamtoka, na hakumwita.

Idwal alisimama mlangoni akimtazama. Angeweza kubaki vilevile. Gari lisingewaka, giza lingeingia, na pengine asingeondoka.

Akatoa mikono mfukoni. Alizunguka nyuma ya gari, akaweka viganja juu ya bati la baridi, akasukuma. Gari liliteleza polepole kuelekea lango, likashika kasi kwenye mteremko, injini ikashtuka, ikawaka. Mererid hakusimama. Idwal alibaki barabarani, mikono bado imenyooshwa mbele.