Mtaa Mzima Ulimsitiri Kinyozi

Mjomba wangu ni kinyozi, na watu wa mtaa wake walikwisha kusahau jina lake. Walimwita Mzee Mstari. Ule mstari wa nywele juu ya paji la uso, ambao vinyozi wengine huutafuta kwa kujaribujaribu, yeye aliupiga mara moja tu, ukanyooka. Mteja akimharakisha, alimwambia, "Tulia, baba. Kichwa ni chako, lakini aibu itakuwa yangu."

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna kioo kikubwa, kabati la ukutani la kuwekea taulo, kiti kimoja cha kuzunguka, na benchi la wanaosubiri kunyolewa na wasiosubiri chochote. Fundi viatu, mwenye kibanda mlango wa pili, ni wa kundi hilo la pili. Ni rafiki wa Mjomba tangu wote wawili wana nywele za kutosha. Mke wa Mjomba alishatangulia mbele ya haki, na binti yake, yaani binamu yangu, anaishi naye vyumba vya nyuma ya duka. Mimi nakaa mji mwingine, kwa hiyo mengi ya haya sikuyaona. Nimeyapata kwao, na kila nikiyasimulia hasira hunipanda upya.

Siku moja Mjomba aliinama kuokota kitana. Mlango wa kabati ulikuwa wazi juu yake, na alipoinuka utosi ukagonga kona ya mlango, ko! Fundi viatu alikuwa kitini, uso umejaa povu la sabuni.

"Umeumia?" aliuliza.

Mjomba alijisugua utosi, akatazama kiganja chake. Hapakuwa na damu wala nundu. "Mimi mzima," alisema. "Pole mpe kabati."

Benchi zima likacheka, na habari ya kabati ikaishia hapo. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mjomba, kwa ajili ya moyo wake, alikuwa anameza kila siku kidonge cha kuzuia damu isigande.

Wiki zikapita. Kichwa kikaanza kumuuma, hasa asubuhi. Mchana alisinzia kwenye kiti cha wateja, yeye ambaye alikuwa anasema kinyozi anayelala ni hatari kuliko simba. Akawa anauliza jambo moja mara mbili. Kandambili ya mguu wa kulia ilimchomoka akitembea, naye akaendelea na mguu mtupu bila habari. Binamu yangu aliiokota na kumfuata nayo.

"Baba, kandambili yako."

"Imechoka kunifuata," alijibu siku ya kwanza. Siku nyingine alimtazama tu, kama mtu anayetafuta neno aliloliweka mahali fulani.

Kilichowapotosha ni kwamba hali haikuwa moja. Leo mzito, kesho mchangamfu, anatania benchi zima. Wakimwona hivyo walisema, "Si mnaona? Amechoka tu." Binamu alimpeleka zahanati kwa ajili ya kichwa. Waliulizwa kama mzee ameanguka. Binamu akasema hajaanguka, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Wakapewa dawa za maumivu, wakarudi nyumbani.

Basi ikawa ni uzee. Neno hili nalichukia. Mtu akishafika umri fulani, kila kinachomsibu hutupiwa humo kama takataka zinavyotupwa jaani, na hakuna anayefukua. Binamu alilipokea neno hilo, akalia nalo jikoni. Aliniambia kwamba kila asubuhi akimpelekea chai alikuwa anaogopa kumkuta hamjui tena. Alikuwa ameanza kumwomboleza baba yake naye bado yuko hai.

Kisha mstari ukapinda.

Ulianza kidogo, ukashuka upande mmoja kama picha iliyotundikwa vibaya. Baadaye ukazidi. Mkono wa kulia ulikuwa unachoka katikati ya kazi, na ndevu zilibaki vishada chini ya sikio. Unadhani wateja walisema? Waliinuka, wakajitazama kwenye kioo, wakameza mate, wakasema, "Ahsante, Mzee, mkono wako dawa." Wakatoka, wakakata kona, wakaenda mtaa wa pili kwa kinyozi mwingine kunyooshewa. Kinyozi huyo alikuwa mwanafunzi wa Mjomba zamani. Aliwapokea, akawanyoosha, akafunga mdomo, maana nani atasimama hadharani kusema mkono wa mwalimu wake umepotea? Mwalimu mmoja wa shule alifundisha na kofia tangu asubuhi hadi jioni. Fundi viatu, ambaye nywele zake unaweza kuziita kwa majina, naye alikwenda kunyooshewa.

Walikuwa wamekubaliana bila kikao. Mzee hasahihishwi mbele za watu, na nyuma ya watu pia hapakuwa na wa kumsahihisha. Tumelelewa hivyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Mjomba hakuficha kitu. Mtaa ndio uliomfichia maradhi yake, tena kwa upendo.

Aliyewatoa gizani hakuwa na adabu hata kidogo. Alikuwa dereva wa lori, mgeni, aliyesimama pale kwa sababu tu barabara ilikuwa imeziba. Aliingia, akakaa kitini, akafumba macho. Mjomba akaanza kumnyoa. Dereva alipofumbua macho alikuta nusu ya ndevu iko na nusu haipo, na mstari umelala.

"We mzee!" alipiga kelele. "Umenifanya nini? Umelewa?"

Fundi viatu akasimama. "Kijana, shika adabu yako. Unajua unaongea na nani?"

"Adabu gani? Uso ni wako au wangu? Nyie hamna macho?"

Dereva alimgeukia Mjomba ili aendelee kufoka, akaishia njiani. Wembe ulikuwa umeanguka sakafuni, na Mjomba alikuwa bado anauzungusha mkono hewani kana kwamba anao. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea.

"Huyu hajalewa," dereva alisema kwa sauti nyingine kabisa. "Huyu mgonjwa. Tangu lini yuko hivi?"

Watu wa benchi wakatazamana.

"Nauliza, tangu lini? Mnamwangalia tu?"

Binamu alitoka nyuma ya duka mbio. Dereva hakungoja maelezo. Alimbeba Mjomba hadi kwenye lori, akawapakia binamu na fundi viatu, akarudi nyuma kwa honi hadi barabara ya pili, akawafikisha hospitali kubwa. Binamu anasema katika ukumbi wa mapokezi watu walimtazama dereva kuliko mgonjwa, kwa zile ndevu za nusu uso, naye hakujali.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimwambia Mjomba ainue mikono yote miwili mbele, kama anayepokea mzigo. Wa kulia ukashuka wenyewe.

"Amejigonga kichwa miezi hii ya karibuni?"

"Hajaanguka, dokta," binamu alisema.

"Sikuuliza kuanguka, mwanangu. Nauliza kujigonga. Mlango, ukuta, chochote. Hata kama hakutoka damu."

Fundi viatu alikaa chini sakafuni. "Kabati," alisema. "Alijigonga kwenye kabati. Nilikuwepo. Tulicheka."

Picha ya kichwa ilipotoka, daktari aliwaonyesha. Upande wa kushoto, kati ya fuvu na ubongo, kulikuwa na kitu kama mwezi mchanga, na ubongo ulikuwa umesukumwa pembeni.

"Hii ni damu," alisema. "Mtu akizeeka, ubongo husinyaa kidogo, ukaachana na fuvu. Vimishipa vinavyopita hapo katikati hubaki vimevutika, na pigo dogo tu linaweza kukata kimoja. Damu inavuja polepole. Mwanzoni ina nafasi, kwa hiyo mgonjwa hasikii kitu. Wiki zinapita, pengine hata miezi, nafasi inajaa, ndipo inaanza kuubana ubongo. Na kile kidonge cha moyo mlichonitajia kinaifanya isikome upesi."

"Lakini kilicholegea ni cha kulia," binamu alisema.

"Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia. Kwa watu wengi na maneno pia yako huko."

Binamu aliitazama ile picha tena. "Kwa hiyo si uzee?"

"Uzee anao, hilo hatumnyimi. Lakini hili si uzee. Hili linatolewa."

Akawaeleza. Kwanza dawa ya kuituliza ile nguvu ya kidonge, kisha watatoboa fuvu matundu madogo, damu itoke. Wengi hupata nafuu. Kuahidi hawezi. Ila wakichelewa zaidi, mzee atalala asiamke. Binamu akaweka saini.

Muuguzi alimnyoa Mjomba kwa mashine kabla ya kumwingiza ndani. Alinyoa haraka haraka, akaruka hapa, akarudia pale. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini binamu alipoona zile nywele nyeupe zikianguka ovyo kwenye shuka alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Fundi viatu alimshika bega. Dereva alikaa nao mpaka mlango ulipofunguliwa na wakaambiwa mgonjwa yuko hai. Ndipo akaaga. Hawakumuuliza hata jina.

Nilifika kesho yake. Mjomba alikuwa na bandeji kichwani na mrija mwembamba uliokuwa bado unatoa maji mekundu meusi. Aliniangalia muda mrefu, nikadhani hanijui tena.

"Mpwa wangu," alisema, "umenenepa. Huko kwenu chakula hakina wenyewe?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Siku chache baadaye maneno yake yote yalikuwa yamerudi, na mguu ulikuwa unaishika kandambili. Daktari alituonya kwamba damu ya namna hii huweza kurudi. Kichwa kikiuma tena, akianza kusinzia au kupepesuka, tumlete bila kungoja, na kidonge cha moyo asikiguse mpaka yeye mwenyewe atakaposema.

Mkono tu ndio ulikuwa mzito. "Muupe muda," daktari alisema, ila hakusema muda gani.

Mimi ndiye niliyemwambia Mjomba. Nilikuwa nimeshasikia habari za mtaa wa pili, na sikuweza kuzinyamazia. Alikuwa kwenye kiti chake dukani, watu wamejaa kumpa pole, nikaropoka yote, kofia ya mwalimu na kila kitu. Binamu alinikonyeza, nikajifanya sioni.

Mjomba alimgeukia fundi viatu. "Kweli?"

"Kweli."

"Na wewe ulikwenda?"

Fundi viatu alitazama vidole vyake. "Tulikuwa tunakuheshimu, ndugu yangu. Tuliona uzee umekuingia, tukasema tukusitiri."

"Mlikuwa mnanisitiri," Mjomba alisema polepole, "na mimi huku nakufa."

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Usiniulize kama niliwaonea huruma. Baadaye niliwaonea, kwa kuwa hakuna kati yao ambaye hakumpenda.

Miezi ikapita. Mjomba alikuwa anafinya mpira wa kitambaa kutwa nzima, akijifunza kushika kikombe, kisha kijiko, kisha kalamu. Asubuhi moja, nikiwa nimekuja kumtembelea, alifungua duka mwenyewe, akafuta kioo, akatia wembe mpya kwenye mpini wake, akamwita fundi viatu.

"Kaa."

Fundi viatu alikaa. Binamu alisimama mlangoni, mimi nikiwa nyuma yake, na benchi lilikuwa limejaa hata kabla ya jua kupanda. Mjomba alinyoa taratibu, akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Ilichukua muda, na katikati alisimama kupumzika. Alipomaliza alipangusa povu, akasogea pembeni ili mwenzake ajione.

"Sema," alimwambia.

Fundi viatu alijitazama, machozi yakaanza kumlengalenga. Nilijua alichokuwa anakitamani, maana hata mimi nilikitamani: kusema mkono wako dawa, tuondoke hapo, twende tukanywe chai.

"Umepinda, ndugu yangu," alisema.

"Kidogo?"

"Sana. Na mkono unatetemeka karibu na koo. Niliogopa."

Mjomba aliinamisha kichwa. Kisha akautoa wembe kwenye mpini, akauweka pembeni, akampa binti yake mpini mtupu auhifadhi.

"Ahsante," alimwambia rafiki yake. Halafu akalia pale pale mbele ya kioo, na safari hii hakuna aliyejifanya hajaona.