Tingatinga Tulilolifufua Kwenye Banda la Farasi

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mshonaji wa matandiko ya farasi katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Ainabkoi. Nilishona matandiko, hatamu, mikanda ya kukokota mikokoteni, na zile kola nene wanazovishwa farasi wa kulima. Mikono yangu ilijua ngozi, haikujua kitu kingine. Kwa hivyo Uhuru ulipokuja na Kaburu akaanza kufunga mizigo, nilicheza na kuimba pamoja na wenzangu hadi sauti ikanikauka, kisha kesho yake nikaketi peke yangu kwenye banda la farasi nikajiuliza sasa nitamshonea nani.

Shamba tulilinunua sisi wenyewe kwa kikundi. Wengine walikuwa wafanyakazi wa zamani wa pale pale kama mimi, wengine walitoka Nyeri na Kiambu, upande wa kwetu, na wengine walikuwa wenyeji wa Uasin Gishu. Vipande tulivigawana kwa kuokota vikaratasi ndani ya kofia. Karatasi yangu iliangukia kipande chenye lile banda la farasi. Watu walinionea wivu kwa sababu ya mabati yake. Mimi na mke wangu tulikata upande mmoja kwa mbao tukaufanya nyumba, na upande wa pili ukabaki mtupu.

Jirani yangu wa upande wa chini alikuwa mwenyeji wa huko, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye kwa Kaburu alikuwa dereva na fundi wa matrekta. Tulikuwa tumefanya kazi shamba moja miaka yote hiyo na hatukuwa marafiki. Yeye alikuwa mtu wa injini, mimi mtu wa farasi, na kila trekta jipya lilipoingia farasi wawili watatu waliuzwa. Si kosa lake, lakini nilimwekea kinyongo.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa maji. Kaburu alikuwa akivuta maji kutoka mtoni kwa mashine, na aliondoka nayo. Bwawa la zamani lilikuwa limejaa udongo hadi ng'ombe wakawa wanakula nyasi katikati yake. Wanawake walishuka mtoni na mitungi alfajiri, wakarudi jua likiwa limepanda. Tulijaribu kulichimbua bwawa kwa majembe na toroli. Baada ya wiki mbili tulikuwa na shimo ambalo mtu angeweza kuoga ndani yake, basi.

Ndipo maneno ya tingatinga yakaanza. Lilikuwa trekta lenye mkono mrefu wa chuma nyuma, na ndoo yenye meno mwishoni mwa mkono huo, ambalo Kaburu alilitumia kuchimba mitaro na mashimo ya kuhifadhia majani ya ng'ombe. Lilikuwa limeharibika kabla hajaondoka, akaliacha kwenye miti ya miwati. Nyasi zilikuwa zimepita magurudumu. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amepata mtu wa mjini wa kulinunua kama chuma chakavu, akatuita mkutano tukubaliane.

Jirani yangu akasimama. "Mzee mwenyekiti, msiuze. Hilo linaweza kutuchimbia bwawa."

"Limelala hapo tangu mzungu aende. Nani atalifufua?"

"Mimi. Shida ni mahali pa kufanyia kazi. Ukifungua injini na mvua ikanyeshea ndani, ni kazi ya bure."

Watu wote wakageuka kunitazama, maana paa kubwa lilikuwa langu peke yangu. Sikupenda. Lakini niliwaza mke wangu akipanda kilima na mtungi mgongoni, na kamba imemkata kwenye paji la uso, nikasema, "Lileteni kwangu."

Mwenyekiti akatupa muda hadi mvua za masika. Likishindikana, litauzwa.

Tulilikokota kwa jozi nne za maksai tuliowaazima Kapseret. Mke wangu alisimama mlangoni akaliangalia likiingia. "Farasi walinuka," akasema, "lakini hawakunuka hivi."

Jirani alikuja kila siku baada ya kumaliza shamba lake. Alikuta panya wamejenga ndani ya bomba la hewa na maji yameingia kwenye tangi la dizeli. Pistoni mbili zilikuwa zimeganda kwa kutu. Alizimwagia mafuta, akangoja siku nne, akazigonga polepole kwa kipande cha mti. Mimi nilishika taa, nikaosha nati kwa mafuta ya taa, nikafanya nilichoambiwa. Hatukuongea sana. Baada ya majuma kadhaa injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi uliomfukuza mke wangu na sufuria yake nje, kisha ikanguruma sawasawa. Tulipeana mikono kama watu waliokutana siku hiyo.

Furaha yetu haikumaliza hata saa moja. Alipovuta kishikio, mkono wa chuma ulipanda vizuri, ukasimama, halafu ukaanza kushuka wenyewe, kidogo kidogo, kama mzee anayetafuta kiti. Mafuta yanayousukuma yalikuwa yakivuja ndani ya silinda. Alizifungua akatoa vikombe vyeusi vya kuzuia mafuta, vimepasuka vyote. Alienda navyo mjini, akazunguka maduka yote ya vipuri, na kila mahali akaambiwa vitu hivyo hutoka ng'ambo na tingatinga la aina hiyo halitengenezwi tena.

Alirudi akaketi juu ya gunia. "Mwambie mwenyekiti amwite mtu wake wa vyuma," akasema.

Nilikiokota kikombe kimoja nikakigeuzageuza. Nikakikunja, nikakinusa. Haikuwa mpira. "Hii ni ngozi," nikamwambia. "Nimewahi kukata ya namna hii. Kabla ya ile mashine ya mtoni, Kaburu alikuwa na kinu cha upepo cha kuvuta maji, na pampu yake ilikuwa na kikombe hiki hiki. Kikiisha, mimi ndiye nilikuwa nakitengeneza."

Akatikisa kichwa. "Ile ni ya maji. Hapa mafuta yanasukuma kwa nguvu ya kuinua nyumba."

"Tujaribu."

Nilinunua ngozi laini mjini, nikakata, nikashona, nikaweka. Tulipoinua mkono, ngozi ilipasuka na mafuta yakarukia ukutani na kwenye shati la jirani. Nilijaribu tena kwa ngozi ya kondoo iliyokunjwa mara mbili. Nayo ikapasuka. Masika yalikuwa yanakaribia. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri.

Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Baba watoto, mbona unahangaika na ngozi laini, na zile ngumu ziko hapo juu?"

Alimaanisha kola na mikanda ya farasi niliyokuwa nimeitundika kwenye boriti. Kaburu aliniachia alipoondoka. Kila mwezi niliishusha, nikaipaka mafuta, nikairudisha.

"Hizo ni za kazi," nikasema.

"Kazi gani?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilipanda ngazi nikashusha kola kubwa kuliko zote, niliyoishona mwenyewe kwa miezi miwili nilipokuwa kijana. Kisu kilikuwa kizito mkononi. Jirani yangu, ambaye hakuwahi kuipenda kazi ya farasi, alivua kofia yake akasimama kando mpaka nilipomaliza kukata mshono wa kwanza.

Alinitengenezea kalibu kwa kipande cha bomba na boliti. Nililoweka ngozi kwenye maji ya uvuguvugu, nikaikandamiza humo, nikaiacha ikauke kivulini siku tatu, kisha nikainywesha mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa hadi ikakataa kunywa zaidi. Tukavifunga vikombe mahali pake. Tulijaza ndoo mawe, tukauinua mkono, jirani akachora mstari wa chaki kwenye nguzo, tukaenda kunywa chai.

Chai ile haikuwa na ladha. Tulipotoka, mkono ulikuwa pale pale kwenye chaki. Jirani aliupapasa kama mtu anayemtuliza ng'ombe. "Fundi," akaniita. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Tulianza kuchimba siku tatu baadaye, na shamba zima likaja kutazama. Ndoo ya kwanza ilipopanda imejaa, wanawake walipiga vigelegele na mwenyekiti akatupa kofia hewani. Jirani aliendesha, mimi nilikaa ukingoni na vikombe vya akiba mfukoni. Nilibadilisha mara mbili tu. Mvua ilitukuta tumebakiza kona moja, nasi tukaliondoa tingatinga tukiwa tumelowa na tukicheka. Kabla ya mwezi kwisha bwawa lilikuwa limejaa hadi maji yakafika kwenye miwati.

Udongo tuliotoa ulirundikana kama kilima, na hakuna aliyeufikiria hadi mke wangu aliponyanyua bonge, akalifinyanga kiganjani, akaliacha juani. Jioni lilikuwa gumu kama jiwe. "Haya ni matofali," akatuambia. Kiangazi kilichofuata tulichoma tanuri la kwanza. Watu wa Kapseret na Yamumbi walikuwa wameanza kuniletea pampu zao niwakatie vikombe, na hata upande wa banda tuliokuwa tukiishi ulikuwa umejaa vyuma vya wenyewe. Kwa hivyo nyumba ya kwanza ya matofali ilijengwa kwangu, vyumba viwili na dirisha linalotazama bwawa, na jirani yangu ndiye aliyeshika kamba ya kupima msingi.