Rangi Chini ya Kikombe

Miaka kumi na moja nimefagia uwanja wa zahanati ya jiji, na adui yangu mkubwa alikuwa kikombe cheupe cha foamu, kile cha kunywea mara moja na kutupa. Upepo ukivuma, vikombe vinatawanyika uwanja mzima. Mvua ikinyesha vinaziba mtaro, na maji yanaingia mpaka chumba cha chanjo. Vyote vilitoka kwa mtu mmoja, Bi Mvuke, muuza chai wa kibanda cha humo uwanjani, karibu na geti. Nilimgombeza kila asubuhi, naye akanijibu kwa kunimiminia chai ya bure. Tukawa marafiki hivyo hivyo.

Jina hilo alipewa kwa kushinda nyuma ya sufuria mbili zinazochemka, uso umelowa jasho tangu alfajiri. Mumewe alifariki mapema. Ndugu pekee aliyembakia upande ule ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi saa. Fundi alipougua kifua kikuu akaanza kujificha ndani, na ni Bi Mvuke aliyemkokota zahanati. Akaandikiwa dawa za miezi sita, azimeze kila asubuhi mbele ya nesi. Zilimvuruga tumbo asipotia kitu, kwa hiyo alianzia kibandani, chai na kipande cha mkate.

"Shemeji, umechelewa. Fundi saa gani wewe usiyekuwa na saa?"

"Saa zangu zote ni za wateja. Mimina chai, acha maneno."

Kibanda kilikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana. Wagonjwa wa kifua walikaa na kina mama wa kliniki, na hakuna aliyejua nani ni nani. Kila mtu alikunywa, akatupa kikombe chake, akaenda zake. Mimi niliona takataka tu. Sikujua kwamba takataka zile zilikuwa zinawasitiri watu.

Kisha likabandikwa tangazo getini: katika majengo na viwanja vyote vya jiji, marufuku foamu na plastiki za kutumia mara moja. Nilipiga vigelegele, siwezi kukataa. Bi Mvuke akanunua vikombe arobaini vya bati na karai la kuoshea.

Wiki haijaisha, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kwa sauti, "Hivi vikombe, na wale wa kifua wanavinywea?"

Nesi alitoka mwenyewe. Akaeleza kwamba ugonjwa ule unapita hewani, si kwenye kikombe, na kwamba anayemeza dawa sawasawa haambukizi tena baada ya wiki chache. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kesho yake mabenchi yalikuwa nusu.

Hapo ndipo nikafungua huu mdomo wangu.

"Tia alama vikombe kumi," nilimwambia Bi Mvuke. "Chini, kwenye kitako. Hivyo ndivyo uwape wale, na wengine uwanong'oneze wasiwe na wasiwasi."

"Na shemeji yangu je, dada?"

"Ataona wapi? Nani anakagua kitako cha kikombe?"

Aligeukia jiko lake. Sufuria moja ilikuwa bado imejaa na wateja hakuna. Rangi ya kucha nyekundu tuliyotumia ilikuwa yangu.

Sisi watu wazima wawili hatukufikiria jambo dogo kabisa. Anayemalizia chai huinua kikombe, na kitako chake humtazama aliyekaa mbele yake.

Siku ya tatu, fundi saa, akiwa amebakiza miezi miwili tu ya dawa, alimwona mzee mwenzake wa chumba cha dawa akimalizia chai. Nyekundu. Akamwona msichana waliyezoea kupanga naye foleni. Nyekundu. Mama wa mtoto, bati tupu. Mtu anayeshinda akitazama vijino vya saa hakosi kuona. Akaimwaga chai yake mchangani, taratibu, akageuza kikombe.

"Shemeji," alisema, "hata mimi?"

Bi Mvuke alinyoosha mkono akichukue. Fundi akakiweka kikombe mezani, kitako juu, mbele ya watu wote. Akatoka getini bila kupita kwa nesi.

Nesi aliwapigia simu wagonjwa wote wa kifua walioacha kuja baada ya siku ile, wengine wakarudi. Fundi hakupokea. Bi Mvuke alivisugua vile vikombe kwa petroli mpaka vidole vikamchubuka. Alikwenda chumbani kwa fundi akakuta kufuli, na majirani hawakujua alikohamia. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alimimina chai ya shemeji yake, akaiacha ipoe.

Walimleta zahanati baada ya miezi minne, amebebwa kwenye kiti, akalazwa. Nesi alituambia dawa za mwanzo hazimfai tena kwa kuwa aliziacha njiani, na mapafu yamekwisha. Bi Mvuke alikimbia nyumbani akaleta bilauri ya marehemu mumewe, kioo kitupu ambacho hata mtoto angeona hakina alama. Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Hakunywa. Aliiinua juu ya uso wake mpaka chai ikamwagikia shuka, akatazama chini yake.

"Hakuna kitu, shemeji. Wallahi hakuna kitu," Bi Mvuke akaapa.

"Nimeshiba," alisema fundi, akairudisha.

Tulimzika Alhamisi.

Sasa mtaro wangu unapitisha maji vizuri, na chumba cha chanjo hakijalowa msimu huu. Tangazo lilikuwa sahihi, ndiyo maana sina wa kumlaumu. Bi Mvuke hajanitamkia neno la lawama hata siku moja, na bora angenitukana. Chai bado ananimiminia kila asubuhi. Nakaa benchi la mbele yake, nakunywa, na funda la mwisho silimalizi.