Ya Saba Haikuja

Nkwabi alikuwa amelala chali kwenye benchi la mbao, chuma kimemkalia kifuani, na mikono imegoma. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe kwa ndani, komeo hadi mwisho.

Mtu mzima na akili zake anajifungiaje chumbani na vyuma saa nne asubuhi? Inabidi umjue. Nkwabi ni mtoto wa wafugaji wa Msangano, alikuja Tunduma na mwili wake tu. Miaka kumi na moja alishusha magunia kwenye malori ya mpakani, mpaka kifua chake kikawa kinajulikana kuliko jina lake. Kisha nimonia ikamlaza wiki tatu. Daktari akamkataza kunyanyua kitu kizito kwa miezi sita. Aliko, msimamizi wa wapakiaji, alimwambia bila ubaya kwamba siku atakayobeba gunia akafika nalo, atamrudisha, ila miezi sita hawezi kumsubiri. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Wenzake wako mzigoni, yeye yuko nyumbani anachambua maharage.

Akatafuta bomba la chuma na gia mbili chakavu za lori, akampelekea fundi Danieli azichomelee kwenye ncha. Danieli alimsihi aziache za kuchomoka, maana likimlemea atainamisha upande mmoja, gia idondoke, apumue. Nkwabi akamcheka. Gia ya kuchomoka, kwa Tunduma hii? Ilale uani usiku mmoja tu, kesho yake utaikuta kwenye mizani ya wanunua skrepa. Zikachomelewa, zikashika kwelikweli. Wezi aliwaweza.

Mkewe Ikupa, binti wa Isongole, alipoviona vyuma uani alilia, akamwapisha asiviguse mpaka miezi sita iishe. Nkwabi akaapa. Akaviingiza chini ya kitanda, eti visipate kutu. Toka siku hiyo, Ikupa akishatoka kwenda kwenye genge lake la nyanya hapo mbele ya nyumba, bwana anafunga komeo, anafungulia redio kwa sauti ya juu, anavuta benchi katikati ya kitanda na ukuta. Ananyanyua mara moja, anakirudisha chuma kwenye vigingi viwili alivyopigilia kichwani pa benchi, kang! Anapumua, anarudia. Kumi kila siku, wiki ya tano sasa.

Leo ya saba imeshuka, haijapanda.

Alijaribu kukiinamisha. Gia moja ikagonga ukuta, nyingine ikakwama kwenye ubao wa kitanda, na hakuna cha kudondoka. Alijaribu kukisukuma kuelekea tumboni, kikamnasa chini ya mbavu, palepale pa ugonjwa, na pumzi ikaanza kuwa fupi kama zile siku za hospitali. Aliita. Kikatoka kisauti ambacho hata yeye alikisikia kwa shida, redio inaimba kwaya kwa nguvu zote. Mungu wangu, aliwaza, nimejiua mwenyewe. Akamkumbuka Stamili, binti yake wa miaka sita. Saa sita anatoka shule, na akikuta mlango umefungwa huwa anapanda ndoo achungulie dirishani. Nkwabi aliogopa kufa, lakini hilo la dirishani lilimtisha zaidi. Machozi yakamtiririka hadi masikioni.

Mlango ukasukumwa, mara moja tu. Komeo likaanguka sakafuni pamoja na skrubu zake zote.

Ikupa akaingia mbio. Alipanda juu ya benchi akasimama miguu huku na huku, akashika chuma katikati, na Nkwabi akasukuma kwa kidogo alichobakiwa nacho mpaka kikakaa kwenye vigingi. Akatambaa chini, akakohoa sana. Mkewe akazima redio.

"Umejuaje?" aliuliza alipopata sauti.

"Kila siku unakirudisha mara kumi, Baba Stamili. Nauza nyanya huku nahesabu. Leo nimesikia sita. Ya saba haikuja."

Nkwabi akalitazama komeo. Mbao haikupasuka, skrubu hazikupinda.

"Nilizilegeza kwa kisu tangu wiki ya kwanza," Ikupa alisema. "Ningekukataza tena, ungeenda kunyanyua mahali nisipokusikia."

Akainama aziokote. Akiokota moja inamponyoka, akiokota nyingine inamponyoka. Nkwabi alikuwa ameogopa kwa dakika chache akadhani hakuna binadamu aliyewahi kuogopa hivyo, kumbe mwenzake ana wiki tano. Akapiga magoti akaziokota yeye, zote nne, akamwekea kiganjani.

Adhuhuri alilibeba bomba kwa Danieli, akipumzika kila baada ya nyumba mbili, Ikupa akiwa nyuma yake. Alimwomba azikate gia. Mlango wao mpaka leo hauna komeo.