Mgeni Niliyemkokota Kutoka Gatini

Nichekeni, nimeshazoea. Hapa Faza palikuwa na kikao cha kuamua huduma ya kutibu walevi na watumiaji wa unga iwekwe wapi. Kakangu Shee anaacha unga, na kila asubuhi hupanda boti mpaka Lamu kunywa dawa. Basi mimi nilikwenda nimejaa moto.

Kufika gatini, nikamkuta mwanamume mgeni ameinama, anatapika, anatetemeka, jasho linamtiririka. Nikajua hiyo ni arosto, yale mateso ya kukosa unga. Nikamshika kiuno. "Usione haya, ndugu yangu, leo watatusikia." Akataka kusema, akatapika tena.

Nikamkokota mpaka kikaoni, mbele ya watu. "Mtazameni! Na kakangu yu hivi hivi! Mwataka apande boti kila siku?"

Bi Khadija, mwenyekiti, akajishika kichwa. "We Omari! Huyo ndiye mkubwa wa kaunti, ndiye mwenye kuamua! Amechafukwa na bahari tu!"

Sisi huku nani huchafukwa na bahari? Ningejuaje? Mkono wangu bado uko kiunoni mwake.

Yule bwana akajifuta mdomo, akanigeukia polepole. "Kakako hupanda ile boti kila siku?"