Bwana Idhini wa Mushaki

Constantin Kasika hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya kazi ya kumchukia iwe ngumu. Alikuwa mtu mwema aliyepata cheo, na cheo kikimkaa mtu mwema humbana kama kofia ndogo, hakivuki masikio.

Cheo chenyewe hakikuwa na mshahara. Alijipa mwenyewe. “Mainteneur principal,” yaani mtunzaji mkuu wa programu, aliandika chini ya jina lake kila mahali, hata kwenye kadi ya harusi, juu ya jina la bibi arusi. Adrienne, aliyekuwa huyo bibi arusi, aliuliza kama anaolewa na mtu ao na biro, ofisi yake. Mwishowe akaolewa na vyote viwili.

Ugonjwa huo Constantin aliurithi. Marehemu baba yake alishuka kutoka Butembo akafungua duka la maharagwe na jibini pale Mushaki, na wenye maduka wakamfanya prezida wa chama chao. Muhuri wa chama ulihamia mfukoni mwa koti lake. Mzee akienda shambani, muhuri uko shambani. Akienda misa, muhuri unasikiliza Injili. Wanachama walimngoja, wengine wakazeeka wakimngoja, na hakuna aliyethubutu kutaja muhuri wa pili, kwa sababu mihuri miwili, walisema, ni maprezida wawili.

Mwana alisoma informatique, elimu ya kompyuta, Goma, akarudi na akili kweli. Tusimnyime haki yake. Ukiona vyaelea vimeundwa, na programu iitwayo Jirani aliiunda yeye. Hospitali kubwa ina programu nyingi ndogondogo: moja inajua damu iliyomo kwenye friji, nyingine inajua dawa za stoo, nyingine inapokea maombi ya vituo vya afya mpaka huko ndani ya misitu ya Walikale. Programu hizo hazijuani hata kwa sura. Jirani ndiyo iliyozijulisha. Ilijua kila moja inakaa wapi, ni nzima ao imekufa, na ilizigawia vyeti vyenye tarehe ya kwisha. Asiye na cheti hai hajibiwi. Mtu aliyekulia kwenye barabara ya Sake na Masisi hawezi kutunga kitu asikitilie barrière, kizuizi cha njiani.

Aliitoa bure, kwa maandishi: yeyote aichukue, aisome, ainakili, aibadilishe. Kwa ukarimu huo alisifiwa redioni, akausimulia katika kila msiba aliohudhuria. Watu wa Bukavu waliichukua, wa Kampala wakaichukua, hata Wazungu. Marekebisho yakawa yanamjia kutoka pande zote. Ila ili rekebisho liingie ndani ya Jirani ilibidi litiwe sahihi kwa kifaa kidogo, kama flash, kilichoitwa kle, yaani ufunguo, ambacho Constantin alikivaa shingoni pamoja na rozari. Kilikuwa kimoja tu. Watu waliitana ndugu wa programu huria, kumbe wote walikuwa wamepanga foleni mbele ya kifua cha mtu mmoja.

Kisha vita vikapanda vilima. Vilipofika Mushaki, Constantin na Adrienne walikimbia na wenzao, wakapita Sake, wakapita kambi ya Mubambiro iliyokuwa imejaa askari kuliko maharagwe kwenye gunia, wakakata kurudi upande wa ziwa mpaka Shasha, wakapewa chumba nyuma ya kanisa.

“Umebeba kle, matela umeacha,” Adrienne alimwambia walipoketi sakafuni. “Tutalalia kle?”

“Mama, dunia nzima inategemea hii kle.”

“Basi dunia ilete matela.”

Huko Walikale, nguzo za mawasiliano zilianza kuangushwa. Kituo kikikatika majuma kadhaa, cheti chake kilikwisha muda. Mawasiliano yakirudi, Jirani haikukitambua. Ilikiona mgeni, ikakifungia mlango. Ulaya kosa hilo halikuonekana kamwe, maana huko mtandao haukatiki mpaka cheti kikaoza. Lilihitaji macho ya mtu wa hapa, na aliyeliona ni Mukashema, fundi aliyebaki hospitalini kule Masisi akizilinda mashine. Aliandika rekebisho fupi, safi: kituo kilichokatika kijitambulishe upya, kithibitishwe, kipewe cheti kipya. Akalituma kwa Constantin.

Constantin alilisoma. Alijua papo hapo kwamba ni zuri, na uzuri wake ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akajibu: “Ninaendelea kuchunguza.”

Alichunguza. Alimwomba Mukashema abadilishe jina la kipande fulani, naye akabadilisha. Alimwomba arudishe jina la kwanza, akarudisha. Aliomba maelezo marefu, kisha akalalamika kwamba maelezo ni marefu. Mukashema alipopendekeza kwa adabu kwamba watu wengine nao wapewe ufunguo, kwani Shasha nako mawasiliano yanakatika, Constantin alishusha sauti mbele ya mkewe.

“Unajua hali ya sécurité. Wale watu wa kwao, na hii vita… Siwezi kumupatia kle mutu wa jina ile.”

Hapo nakasirika. Jina linalofanana na majina ya waasi halimfanyi mtu kuwa mwasi. Baba yake Mukashema alilima vilima vya Mushaki kabla duka la Kasika halijawa na mlango, na ng’ombe wake walikuwa wamekwisha kuliwa na kila mwenye bunduki, wa serikali na wa msituni, bila ubaguzi. Na bunduki za Masisi zililia mchana kutwa bila kuomba cheti cha Jirani. Constantin aliyajua yote hayo. Alitafuta sababu ya kuficha sababu, akaikuta imelala barabarani, tayari kwa kila mwoga.

Rekebisho likalala. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumizwa lilikuwa la mwanamke aitwaye Hélène.

Habari zake zilifika kwa sauti, kwenye simu ya Constantin na ya Mukashema kwa pamoja, kutoka kwa Mama Consolée, muuguzi wa kituo kimoja cha Walikale. Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

“Papa Constantin, jambo. Tulikuwa na mama mumoja hapa, Hélène, anavuja damu, mimba ingali ndani. Reseau ya simu ilirudia, nikashukuru Mungu, nikaandika demande ya damu. Masine inanijibu: hujulikane. Nikaandika tena: hujulikane. Miye niko hapa tangu zamani, Papa, miti yote inanijua. Basi tukamuweka mu tipoyi, banaume bakamubeba mpaka barabarani, kwenye voiture ya kwanza. Alifika hospitali, damu ilikuwa mu frigo, lakini hakuna mutu aliyejua anakuja. Mama anaishi. Mutoto, hapana. Nauliza tu: ile kitu ya Mukashema inangoja nini?”

Constantin alisikiliza mara mbili. Hapo ndipo mtu mwingine angeishika ile kle shingoni na kuitumia. Yeye aliandika: “Tumehuzunika sana. Nitaitisha kikao cha dharura cha mainteneurs.” Mainteneur alikuwa yeye. Kikao alikiahirisha.

Mukashema naye aliisikiliza sauti ile. Hakutukana, hakushtaki. Alifanya kile ambacho Constantin mwenyewe aliruhusu kwa maandishi na kukisifia kwenye misiba: aliinakili Jirani yote, akaipa jina Mwenzako, akatia rekebisho lake, akagawa funguo kwa mafundi wa Goma, wa Bukavu na wa Kampala, halafu akavitangazia vituo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kituo cha Mama Consolée kilihama kwanza, vingine vikafuata, na hatimaye hata Wazungu, ambao huwa hawajui tofauti ya Masisi na Mars, nao wakahama.

Constantin aliita huo wizi. Adrienne alimkumbusha kwamba hakuna awezaye kuiba kilichogawiwa bure. Akauita usaliti, kisha siasa. Watu wa kanisani walimsalimu “Papa Mainteneur” kama zamani, kwa kuwa habari zilikuwa hazijawafikia, na kila salamu ilimchoma. Alikuwa mkuu wa kijiji ambacho wakazi wote wamehama, naye bado anavaa nguo za kazi.

Lakini macho ya fundi hayakumpofuka. Hapo Shasha, vituo viwili vya wakimbizi vilikuwa vimejibanza ndani ya jengo moja la shule, vikitumia mashine moja, na siku moja Constantin aliona Mwenzako ikivichanganya: dawa zilizoombwa na kimoja zikaandikiwa kingine. Alitaka kufurahi. Akafurahi, tena sana, kwa muda. Kisha akamwona mama mmoja amepakata mtoto mwenye homa, akingoja dawa zilizoandikiwa kituo cha pili, na furaha ile ikamtoka.

Aliketi akaliandika rekebisho asubuhi moja, Adrienne akimpikia uji wa unga wa sosoma. Alilipitia, akalipitia tena. Alijua atangojeshwa, na alijua kwamba anastahili. Alikuwa tayari kubadilisha majina na kuyarudisha, kuandika maelezo marefu na kuyafupisha, kulala miezi mlangoni pa mtu wa jina ile. Akatuma. Adrienne akamwekea kikombe mbele yake.

Simu ikalia.

“Kaka Constantin, asante sana,” Mukashema aliandika. “Iko muzuri. Nimejaribu, inatembea, nimeiingiza. Vituo vya Shasha vinaipata sasa hivi. Nimekuandika pia kati ya wenye kuruhusu, juu reseau ya huku inakatika.”

Alitafuta ndani ya maneno hayo kisu kilichofichwa. Hakukuta kitu. Akanyoosha mkono kwenye kikombe, akaurudisha haraka, kwa sababu uji ulikuwa bado wa moto, haunyweki. Ndipo Constantin alipojua kazi ile ya kukubali, aliyomngojeshea Mukashema, huchukua muda gani: hata uji haupoi. Akafunika uso kwa mikono yake.