Sindano ya Hashibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi kule Nkololo, mambo ya nyumba yetu yaligeuka Jumanne moja, saa tatu asubuhi, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa. Ilikuwa miaka ya hamsini. Bwana mifugo alikuja na askari mwenye bunduki, akiwa na sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na amri ikatangazwa: mbwa asiyechanjwa leo, kesho anapigwa risasi.

Sisi tulikuwa na Hashibi. Kwetu mbwa hapewi jina la bure. Neno usiloweza kumwambia jirani usoni unampa mbwa, kisha jioni unamwita mbwa kwa sauti. Bibi yangu, aliyenilea, alimlenga jirani yetu Mzee Masanja, ambaye kila mwaka alisogeza mpaka wa shamba hatua moja. Masanja naye akatafuta mbwa, akamwita Mdomo. Aliyesemwa hapo alikuwa Bibi.

Tena Bibi aliamini kwamba dawa humfuata yule ambaye jina linamsema. Na bwana mifugo alitaka majina ayaandike kwenye daftari.

"Mayu, mbwa anaitwa nani?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Bibi akageuza uso kando.

"Nisiyemwandika simchomi."

Mzee Masanja, aliyesimama nyuma yetu kwenye foleni, akakohoa. "Taja tu, mayu. Mgongo unanisumbua tangu juzi."

Watu wakacheka. Bibi akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Hashibi shingoni, nikiitazama bunduki ya askari iliyoegemezwa ukutani. Nikapiga kelele: "Anaitwa Hashibi!" Sindano ikaingia papo hapo.

"Umempa Masanja dawa yetu," Bibi akasema, akaketi chini kama mtu aliyefiwa.

Lakini zamu ya Masanja ikafika. Mwanawe Shija, aliyenizidi miaka miwili, akamsogeza mbwa wao. Bibi akainuka upesi.

"Taja kwa sauti, Masanja! Mimi magoti yananiuma."

Miezi miwili baadaye, mbweha mwenye kichaa aliingia mchana kweupe, akawauma mbwa wote wawili kabla wanaume hawajamuua. Tukaambiwa tuwafunge, tungoje. Mimi nililia. Bibi hakulia, alifikiri. Kama kinga ya Hashibi imo ndani ya Masanja, basi Masanja akidhoofika, mbwa wetu anakufa. Akasonga ugali wa mtama, akatia maziwa ya mgando kibuyuni.

"Mpelekee. Umwangalie mpaka amalize."

Njiani nikakutana na Shija, amebeba bakuli la karanga za kuchemsha.

"Baba anasema bibi yako asiugue mpaka Mdomo apone," akasema, bila kunitazama.

Tukapishana hivyo kila siku. Siku ya kwanza niliporudi nikamwambia Bibi kwamba mzee amekula chote na anauliza kama kuna nyama.

"Si niliwaambia tangu zamani?" akasema Bibi. Kesho yake akachinja kuku.

Mbwa hawakuugua. Bibi akasema ni ugali wake, Masanja akasema ni karanga zake, wakaanza ugomvi mpya juu ya hilo. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuacha kumlisha mwenzake.

Baadaye sana mtaalamu wa mifugo alinieleza kwamba kinga hukaa katika mwili wa aliyechomwa, wala haijui jina la mtu. Namwamini. Wale mbwa waliokolewa na sindano, nami namshukuru Mungu aliyewapa watu akili ya kuitengeneza. Lakini Bibi hakukosea katika yote. Niliolewa na Shija, tukaishi pamoja hadi uzeeni, na tangu tumzike mwezi uliopita ndipo nimejua kwamba uzima wangu mwingi nilikuwa nimeuweka kwake.

Ee Bwana, mpokee Shija. Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili, basi umpe kabla hajaomba. Umpumzishe mahali penye amani, nami unitunze mpaka utakaponiita. Amina.